Etiketi mu nyumba ya watu mingi

Mu nyumba yetu hapa Ndosho, kartie ya Goma, sauti inayosikika kupita zote, kupita hata redio ya jirani, ni "mama, iko wapi?" Mama sharjeri iko wapi, mama ile dawa ya kikohozi, mama makasi, mama buletini ya trimestri ya kwanza mwalimu ameiomba tena. Tuko watu mingi: mimi na bwana yangu, watoto, mama mukwe, mudogo wangu anayesoma iniversite, na mtoto wa shemeji aliyekuja kwa likizo akabaki, sasa amekuwa wa hapa. Nyumba ni ya mbao kama nyingi za huku, vyumba si vingi, basi kila kitu kinakaa juu ya kitu kingine. Kwa hiyo yaya yangu wa Bruxelles aliponitumia ile mashini ndogo ya kutoa etiketi, vile vibandiko vya maandishi, ile ya kushika mkononi, mie sikuiona kama kitu cha urembo, niliona nimepata mtu wa kujibu hayo maswali kwa niaba yangu.

Nasema hivyo juu ukitafuta kwa intaneti utaona picha za wazungu wenye vikopo 30 vya aina moja vimepangwa mstari, kila kimoja kimeandikwa MCHELE, TAMBI, SUKARI, kwa herufi nzuri kabisa. Mimi ile sijui kama ni kupanga nyumba ama ni kupanga picha. Mchele kila mtu anaujua akiuona. Mama mukwe siku ya kwanza aliniona nabandika ku ndoo ya mchele akaniuliza, "Unaiandikia mchele ili ijue jina yake?" Nikacheka, nikabandua.

Ila ile swali yake ndiyo ilinipa njia. Nikachukua kadaftari, kila mtu akiuliza "iko wapi" ama "hii ni ya nani" ama "hii ingali muzuri?" naandika. Sikuandika majibu, niliandika maswali tu. Yale yanayorudi kila mara njo yalipata etiketi, mengine yote niliacha. Na utashangaa, karibu hakuna hata moja ya chakula kile cha kuonekana. Mingi ilikuwa sharjeri, dawa, makaratasi, funguo, tochi, na zile chupa za vitu vyeupe na vya maji-maji ambavyo vyote vinafanana.

Kwa wenye hawajaiona hii mashini: iko na klavie na kioo kidogo, unaandika neno, unafinya, inatoa kipande cha plastiki chembamba chenye maandishi mbele na gundi nyuma. Hakuna wino wa maji ndani, kinachoandika ni joto. Hapo iko kitu kimoja wauzaji hawaambiaki mtu. Joto ni la aina mbili. Kuna zile ambazo karatasi yenyewe inageuka nyeusi ikipashwa moto, ni teknoloji ile ile ya risiti za supamaketi, na vile vimashini vidogo vya kuunganisha na telefone kwa blutuzi vingi viko hivyo. Ni rahisi, ni za bei ya chini, lakini ukiweka karibu na mbabula ama ku dirisha lenye jua, maandishi yanafifia, ama karatasi yote inakuwa nyeusi-nyeusi. Aina ya pili, joto linayeyusha rangi kutoka ku ruban, ule utepe wa ndani, linaibandika kinyume-nyume ndani ya plastiki inayoona, halafu mashini inaigandisha ile plastiki ku ingine yenye rangi na gundi, kwa hiyo herufi zinabaki katikati ya plastiki mbili. Unasugua na sabuni, unaweka mu kongelateri, haitoki. Yangu ni hiyo ya pili, ni P-touch ya Brother, kampuni ya Wajapani, hizo P-touch zilianza kuuzwa mwaka 1988, na kaseti inayoingia inaitwa TZe. Kama unanunua kwa ajili ya kuzini ama bafu, angalia hilo kwanza kabla ya kuangalia bei.

Kuna na ile ya zamani, Dymo, kampuni iliyoanza Marekani mwaka 1958. Waliofanya kazi mu mabiro ya zamani wanaikumbuka, unazungusha gurudumu lenye herufi, unafinya kwa nguvu, tak, herufi inasimama juu ya plastiki. Ule weupe wa herufi si rangi, ni plastiki yenyewe inapauka pale inapovutwa. Papa alikuwaka nayo ku kazi, na ukiniuliza mimi, kwa mji ambao umeme unaenda na kurudi inavyotaka, ile haikuwa mashini ya ujinga, haiombi pile, zile betri ndogo, haiombi kitu.

Sasa kubandika. Etiketi za kiwandani zimefanyiwa ku vitu laini: kioo, chuma, plastiki ngumu, rangi ya mafuta. Mbao zetu hizi hazijapigwa randa, zina vumbi ya ile mchanga nyeusi ya volkano inayoingia hata ukifunga dirisha, gundi haikamati hata kwa sala. Fundi wa jirani alinipatia vipande vya bati vilivyobaki, akakata vidogo-vidogo, akakunja pembe zisikate mtoto, akapigilia misumari midogo ku kila rafu. Napangusa bati na alkoli, nangoja ikauke, nabandika juu yake. Hapo inakamata vizuri kabisa. Na mafuta ya kupikia ndiyo adui mkubwa, hata kama huyaoni, kopo lililokaa jikoni liko na mafuta juu, usipolipangusa kwanza etiketi itaanza kuinuka ku pembe, na ikishaanza kuinuka watoto wanaimalizia.

Bidoni njo ilinisumbua. Zile za njano za lita 20, plastiki yake iko na asili ya kukataa gundi, tena ina mawimbi na kila siku inashikwa na mikono ya maji. Nilichofanya, unajua ile kadi ya plastiki ambayo unavunja ka-SIM kadogo kutoka ndani yake ukinunua namba mpya? Watu wanaitupa. Ni laini na ni ngumu, gundi inaipenda. Natoboa tundu na msumari wa moto, nabandika etiketi mbele na nyuma, nafunga ku mkono wa bidoni na kamba. Moja imeandikwa YA KUNYWA, zingine ZIWA. Juu hapa kwetu maji ya robine yakikosa vijana wanaenda kuchota ku ziwa, na yale maji hayanywiwi hivi-hivi, unaweka tableti ya klori ya kadiri ya lita 20, unatikisa, unangoja dakika 30. Swali lililokuwa linarudi kila asubuhi ni "hii imeshawekwa dawa?" na kila mtu anajibu "nafikiri". Nafikiri si jibu ya maji. Sasa kadi ya YA KUNYWA inafungwa tu na yule aliyeweka tableti, na inafungwa baada ya kuweka, si mbele. Kama bidoni haina kadi, ni ya kuoga.

Niko na ushauri mmoja hapa ambao sijausoma mahali, nimeuona tu: bandika ku mahali pa kitu, si ku kitu. Makasi ukiyaandika MAKASI hujasaidia mtu, kila mtu anaona ni makasi. Lakini ukiandika MAKASI ku ile bati ya rafu, pale yanapolala, siku hayapo kila anayepita anaona pako wazi. Watoto wanaanza kuulizana wenyewe, "nani amechukua?" bila mimi kufungua mdomo. Tochi ndiyo ilifanya kazi mbele ya zote. Umeme ukikatika usiku hakuna anayepapasa tena, mkono unaenda moja kwa moja, na asiyeirudisha anajulikana, juu wa mwisho kushika tochi siku zote ni mmoja, simtaji jina, ni bwana yangu.

Sharjeri ni habari ingine. Tuko na multiprizi moja ambayo inalisha nyumba yote, na umeme ukirudi ni vita, sharjeri zote nyeusi, zote kichwa kimoja. Kuizungushia etiketi ku waya haifai, waya ni nyembamba, inafunguka yenyewe kesho yake. Unaandika jina mara mbili na nafasi katikati, unapitisha waya pale katikati, unakunja ili gundi ikutane na gundi, inabaki inaning'inia kama kabendera. Mashini zingine ziko na mfumo wa kufanya hivyo zenyewe, zinaandika mara mbili. Jina la mtu ku ncha moja, na ku kichwa cha sharjeri jina hilo hilo tena, juu kichwa na waya vinaachana na kila kimoja kinatafuta bwana mwingine. Ugomvi haukuisha, nisiwadanganye, ila sasa wanagombana juu ya zamu, hawagombani tena juu ya mali.

Sasa niongee juu ya mama mukwe. Yeye hajui kusoma, na mchana yeye ndiye anabaki na watoto wadogo. Etiketi zote nzuri za dunia hazimwambii kitu. Na huku kwetu, javeli, ile maji makali ya kusafishia, inauzwa kwa kupimiwa, mtu anakuja na chupa yake ya maji ya kunywa, petroli vilevile, asidi ya batri ya panno ya sola vilevile. Chupa ya lita moja na nusu, kifuniko cha buluu, ndani kitu kinachofanana na maji kabisa. Nafanya kazi mu depo ya dawa, na nimeona wazazi wanaingia mbio na mtoto aliyemeza petroli. Kwa hiyo hapo nilisema herufi peke yake haitoshi, nikaomba yaya anitumie kaseti nyekundu. Mu nyumba yetu nyekundu iko na maana moja tu: usinywe, usiguse, usimpe mtoto. Haibandikwi ku kitu kingine chochote, hata kama mtoto analia anataka jina lake liwe jekundu. Mama mukwe alielewa kwa siku hiyo hiyo, tena yeye ndiye alimfundisha yule mdogo wa miaka mitatu, "ukiona nyekundu, kimbia kuniita".

Lakini nisipite haraka hapa, juu mtu atasoma atafikiri etiketi inamlinda mtoto. Hapana. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui nyekundu wala nyeupe. Cha kwanza ni javeli kukaa juu, mahali pa kufunga, na isiwe mu chupa ya kunywa, tafuta kabidoni kengine ambako hakuna mtu anazoea kunywea. Etiketi ni ya watu wazima, ya yule anayeamka usiku na kiu akapapasa mu giza.

Dawa. Kwa kazi yangu hii njo sehemu naipenda, mtanivumilia. Usiandike etiketi mpya ukafunika jina ama tarehe ya kiwanda, na usitoe dawa mu paketi yake kuiweka mu kopo zuri lenye etiketi nzuri, paketi ndiyo ina namba ya loti, ina kipimo, ina tarehe. Kile etiketi inaweza kufanya ni kuandika tarehe ambayo paketi haijui: siku mulifungua. Matone ya macho, kwa kawaida yanatupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, hata kama ku chupa wameandika mwaka kesho. Siro ya amoksisilini ile ya unga unayochanganya na maji, ukishachanganya inakaa siku 7 mpaka 14 kulingana na kiwanda na kama muko na frigo, soma karatasi yake. Watu wanaiweka miezi, mtoto mwingine akiugua wanatoa ile ile, wanatikisa, wanamupa. Ku depo naeleza kila siku, wanaitika ndiyo mama, wanaenda kuiweka tena. Mu nyumba yangu siro ikifunguliwa inapata kaetiketi: TUPA na tarehe. Siandiki IMEFUNGULIWA, juu ukiandika hivyo mtu lazima apige hesabu, na saa saba za usiku na mtoto ana homa hakuna anayepiga hesabu. TUPA 14/6, kwisha.

Tarehe zingine si za mashini. Unga wa sosoma, sombe iliyopikwa ikawekwa mu kongelateri, hiyo inabadilika kila wiki, ukiitolea etiketi ya plastiki unachoma pesa. Hapo tuko na skochi ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, na markeri. Inabandikwa, inabanduka bila kuacha gundi. Mashini ni ya vitu vinavyokaa.

Na pesa inachomeka kweli. Kaseti moja orijino ilinifikia karibu nusu ya bei ya mashini yenyewe, na ina mita 8 tu. Sasa angalia: mu hizi mashini, kichwa kinachoandika kiko nyuma ya kisu, kwa hiyo kila ukitoa etiketi inatanguliza kama sentimita 2 na nusu za bure. Etiketi 100 umetupa mita 2 na nusu, karibu theluthi ya kaseti imeenda bila herufi hata moja. Dawa yake ni mbili. Ingia mu menyu, punguza marjini, kisha usitoe moja-moja, andika zote mfululizo ukiacha nafasi katikati, itoe mstari mrefu, ukate na makasi. Mashini zingine ziko na mfumo wa mnyororo unaofanya hivyo. Ndiyo maana ya kadaftari, nangoja maswali yafike mengi, natoa kwa mara moja. Na watoto wasijue mashini iko wapi. Yule mtoto wa shemeji aliipata siku moja akatoa etiketi ndefu BOSI WA NYUMBA akabandika ku kiti cha bwana yangu, sote tulicheka, bwana mwenyewe akaiacha hapo mpaka leo, ila mimi moyoni nilikuwa napima sentimita.

Pile pia. Yangu inakula 6 zile nyembamba. Za bei ya chini za ku barabara zinaweza kuiwasha, zinaonyesha herufi ku kioo, ukifinya kuchapa inazima, ama inatoa maandishi yaliyopauka upande mmoja, na wewe unaanza kulaumu kaseti. Kupasha joto kunataka nguvu ya ghafla, na zile pile haziwezi. Nunua alkalini, usichanganye nzee na mpya, na ukimaliza kazi uzitoe, juu zikikaa miezi zinavuja na ile maji inakula chuma za ndani. Shemeji aliniambia niiunge moja kwa moja ku batri ya sola, nikakataa. Tundu lake linaomba volti 9, batri yetu ni ya volti 12 na ikijaa inapanda zaidi, hiyo ni kuiua. Maandishi yakianza kuwa na mstari mweupe katikati, ni kichwa kimechafuka, chukua pamba kidogo na alkoli, pangusa taratibu, acha ikauke, ndiyo uwashe.

Nimeyaacha makaratasi kwa mwisho, na kusema kweli kama mashini ingefanya kazi hiyo moja tu ningeshukuru. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi usiku, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, mbingu ilikuwa nyekundu, watu wako barabarani, wengine wanaelekea Gisenyi, wengine Sake, na mimi nilikuwa napindua magodoro natafuta diplomi yangu ya Eta, ile ya kumaliza sekondari, na karti za chanjo za watoto. Bwana yangu anapiga kelele mlangoni, tuache, tuende. Lava ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye, tarehe 27, asubuhi, mamlaka ikaamuru kartie 10 za mji zihame, safari hii tuko na saa kidogo za kufunga mizigo, na bado kila kitu kilikuwa mu sasheti tofauti-tofauti, ya mtoto mu kabati, ya parsele, kiwanja chetu, chini ya kitanda, buletini juu ya kabati na panya wameshaonja. Mama mukwe alikaa kimya. Yeye Januari 2002, lava ilipokata mji katikati mpaka ku ziwa, nyumba yao iliungua na karatasi ya parsele ndani, na miaka iliyofuata alizunguka biro kwa biro na mashahidi akitafuta kuthibitisha kwamba pale palikuwa pake.

Sasa tuko na sakoshi moja ya mgongoni, isiyoingiza maji. Ndani, kila mtu na farde yake ya plastiki, kila moja na etiketi ya jina, na rangi yake: watoto kaseti ya njano, wakubwa nyeupe. Ndani ya farde kuna mpangilio ule ule kwa wote, KUZALIWA, CHANJO, MASOMO. Farde ya mwisho ni PARSELE, na nyingine AFIA ya karatasi za hospitali na majina ya dawa za presha za mama mukwe na kipimo chake, juu ukifika mahali pengine hakuna anayekujua. Karti ya elekteri, ile ya kupigia kura, haikai humo, hiyo mtu mzima anatembea nayo, ndiyo kitambulisho chetu, humo kuna fotokopi tu. Picha za karatasi zote ziko ku telefone yangu na kwa yaya Bruxelles. Na mlango wa ndani wa sakoshi una etiketi ya tarehe niliyoangalia mara ya mwisho, kila trimestri watoto wakileta buletini naibadilisha.

Nje ya sakoshi sijaandika kitu. Hata neno moja. Mtu akiuliza ni begi ya nguo nzee. Kuna vitu ambavyo etiketi inavifanyia ubaya: usiandike mahali pa pesa, usiandike ku funguo jina la mlango ama kartie, funguo zikianguka ku taksi-moto umempa mwizi ramani. Funguo zetu ziko na rangi tu, kijani ni ya nyuma, njano ya mbele, anayejua anajua. Majirani wengine waliona wakaenda kuandika ku sanduku DOKIMA ZA PARSELE kwa herufi kubwa za markeri, nikawaambia pole-pole, mama, geuza lile sanduku liangalie ukuta.

Mudogo wangu anasema nimekuwa mgonjwa wa etiketi. Labda. Ila niligundua maswali hayakwisha, yamebadilika. "Iko wapi" imepungua sana, sasa ni "kwa nini haiko pale?" na hiyo hawaniulizi mimi, wanaulizana wao kwa wao, na mie nasikiliza tu nikichambua maharagi. Mama mukwe mwenyewe juzi aliniletea termosi yake ya chai ya usiku, ile ambayo wajukuu wanaimaliza kabla hajaamka, akasema "weka ile nyekundu". Nikamwambia koko, nyekundu ni ya sumu. Akaniangalia, akasema, "Njo ile ile. Waogope." Nikakataa, tukabishana kidogo, mwisho tukakubaliana ya buluu, rangi ambayo mu nyumba hakuna mwingine anayo.

Tatizo sasa kaseti ya buluu hakuna hapa. Ku mji nimezunguka, mu mabutiki ya vifaa vya biro wananionyesha za pirinta. Kigali zinapatikana, za orijino na za kuiga. Za kuiga nimeshatumia mbili, bei ni kama theluthi, maandishi ni mazuri, lakini moja ruban yake ilikuwa imelegea ndani ikajikunja ku kichwa, ikabidi nifungue nitoe na kibanio. Siku hizi kabla ya kuingiza nageuza kale kagurudumu ka kaseti na kalamu mpaka ruban ikaze. Kuna mtu anashuka Kigali wiki hii? Ni 12 milimita, herufi nyeusi juu ya buluu, iandikwe TZe, na kama kuna nyekundu chukua mbili.